Pete Isiyopinduka: Usanisi na Umbo la Ligandi za Pete Kubwa Zenye Fosforasi

Historia ya ligandi za pete kubwa, yaani molekuli za duara zinazoizunguka ioni ya metali na kuishika kwa atomu kadhaa kwa pamoja, kwa kawaida huanzishwa na Charles Pedersen. Mwaka 1967, akiwa mkemia wa kampuni ya DuPont nchini Marekani, alitangaza etha-taji. Ya kwanza kati yake aliipata bila kukusudia, kutokana na malighafi yenye uchafu, kwa kiwango cha takriban 0.4% tu. Hizo zilikuwa pete za oksijeni. Kabla yake, mwaka 1937, van Alphen alikwisha kusanisi saiklamu, pete ya naitrojeni nne. Insha hii inatetea hoja kwamba pete za fosforasi hazikuwa mwendelezo mwepesi wa hizo mbili.

Haja yake ilikuwa dhahiri. Fosforasi hushikamana vyema na metali kama rodi, paladi na platini, ambazo ni uti wa mgongo wa vichocheo vingi. Hata hivyo, fosfini moja moja huweza kubanduka kutoka kwenye metali. Zikiunganishwa kuwa pete, hubanduka kwa shida zaidi.

Kikwazo kilikuwa katika umbo la atomu yenyewe. Naitrojeni yenye vifungo vitatu hupinduka ndani nje kwa urahisi. Katika amonia, kizuizi chake ni takriban kilojuli 24 kwa moli. Katika fosfini nyingi kizuizi hicho huzidi 100. Leopold Horner alikwisha kuonyesha mwaka 1961 kwamba fosfini zaweza kutenganishwa kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Kwa sababu hiyo, pete yenye fosforasi nne zilizopangwa kwa ulinganifu huweza kutokea katika isoma tano, na hakuna inayojigeuza kuwa nyingine katika joto la kawaida.

Njia mbili zilifuatwa. Mwaka 1977, Evan Kyba na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin walichapisha pete zilizofungwa katika mmumunyo mwepesi mno, ili ncha za molekuli moja zikutane zenyewe kabla ya kukutana na za jirani. Wengine waliitumia ioni ya metali kama kalibu. Kalibu iliupanga mfumo vizuri, lakini kuiondoa kulidai nguvu, mara nyingi ya sianidi, kwa kuwa pete ilikwisha kuing'ang'ania.

Mjini Florence, kundi la Mario Ciampolini lilitenganisha isoma za pete ya fosforasi nne na oksijeni mbili, na miale ya eksirei ikafichua mpangilio wa atomu katika fuwele.

Hapa ndipo hoja yetu inaposimama. Katika naitrojeni, mkemia aliweza kuifunga pete kwanza, kisha akauliza umbo lake. Katika fosforasi, kuifunga pete bila kujua umbo lake kulikuwa ni kupata mchanganyiko usio na jina. Usanisi na uchunguzi wa umbo vililazimika kuwa kazi moja.