Kabla Filamu Haijanuka Siki: Historia ya Skana na Namna ya Kuichagua

Mwaka 1957 Russell Kirsch, mtaalamu wa kompyuta katika ofisi ya taifa ya viwango ya Marekani mjini Washington, aliifunga picha ya mwanawe mchanga, Walden, kwenye ngoma ndogo inayozunguka. Mwanga uliipitia mstari kwa mstari, na kompyuta iliyoitwa SEAC ikaipokea kama nambari. Picha ilikuwa ya mraba wenye sentimita 5 kila upande, na ilipomalizika kusomwa ilikuwa na pikseli 176 kwa 176. Hapo ndipo picha ilipoingia katika kompyuta kwa mara ya kwanza.

Tangu siku hiyo skana zimepita mikono mingi: za wapiga chapa, za magazeti, za maabara za picha, hadi zikafika mezani nyumbani. Maneno magumu yanayochapishwa leo kwenye boksi la skana, iwe nukta kwa inchi, kiwango cha weusi, biti 16 au miale ya infraredi, yalizaliwa pale watu walipokwama na kutafuta njia. Mwenye kujua walikwama wapi hababaishwi na muuzaji. Naandika kwa ajili ya mwenye bahasha ya negativu kabatini au sanduku la slaidi la marehemu baba, anayejiuliza aanzie wapi.

Filamu na maradhi yake

Negativu ni mtoto wa Uingereza. William Henry Fox Talbot aliipata ya kwanza mwaka 1835 katika jumba lake la Lacock, akitumia karatasi iliyopakwa chumvi ya fedha. Baadaye kioo kilichukua nafasi ya karatasi, na mwaka 1889 kampuni ya George Eastman ikaanza kuuza filamu laini ya nitrati. Nitrati ilipiga picha nzuri, lakini ni hatari: ikishika moto inajitengenezea oksijeni yake yenyewe, hata maji hayaizimi. Ikaja filamu ya asetati, iliyoitwa filamu salama. Kweli haikulipuka, lakini nayo ina ugonjwa wake. Ikikaa kwenye joto na unyevu huoza polepole, hujikunja, hupungua urefu, na hutoa harufu kali ya siki. Harufu hiyo ikishaanza, kuoza hakurudi nyuma.

Mwaka 1925 kamera ya Leica, iliyobuniwa na Oskar Barnack, iliingia sokoni ikitumia filamu ya milimita 35, na fremu ya milimita 24 kwa 36 ikawa kipimo cha dunia nzima. Miaka kumi baadaye Kodak walitoa Kodachrome, filamu ya rangi iliyobuniwa na wanamuziki wawili, Leopold Mannes na Leopold Godowsky. Mwaka 1936 ilipatikana kwa slaidi. Rangi za Kodachrome hazimo ndani ya filamu tangu mwanzo. Huongezwa wakati wa kusafisha picha, na kwa sababu hiyo usafishaji wake ulikuwa mgumu kuliko wa filamu nyingine yoyote. Malipo ya ugumu huo ni kwamba slaidi ya Kodachrome iliyowekwa gizani hubaki na rangi zake kwa miongo mingi, wakati slaidi nyingi za zamani za Ektachrome zimegeuka nyekundu.

Pwani yetu nayo ilijaa filamu. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, Parekh alipiga picha za familia Mombasa, na Omar Said Bakor akafanya kazi yake Lamu. Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix mjini Dar es Salaam mwaka 1963 kabla ya kuhamia Nairobi, aliacha hazina kubwa ya negativu na slaidi za uhuru, vita na njaa alipofariki mwaka 1996, na sehemu ya hazina hiyo imekwisha kuskaniwa na kuonyeshwa kwenye intaneti. Nyuma ya majina haya kuna studio nyingi ndogo zilizofungwa, na negativu zake zikabaki kwenye maboksi katika joto na unyevu wa pwani, mahali ambapo asetati huoza haraka na ukungu hula tabaka la picha.

Enzi ya ngoma

Wazo la kuisoma picha nukta kwa nukta ni la zamani kuliko kompyuta. Mwanzoni mwa karne ya 20 Arthur Korn wa Ujerumani na Édouard Belin wa Ufaransa walituma picha kupitia nyaya za simu kwa kuizungusha kwenye ngoma. Tarehe 1 Januari 1935 shirika la habari la Associated Press lilianza kusambaza picha kwa waya kwa magazeti ya Marekani kwa njia ya namna hiyo.

Wapiga chapa wakaichukua ngoma na kuifanya mashine ya kifalme. Mjini Kiel, kaskazini mwa Ujerumani, Rudolf Hell alitengeneza mashine za kuchonga bamba za picha na baadaye skana za rangi zilizoitwa Chromagraph. Ndani yake hakukuwa na kihisi kama cha kamera za leo. Kulikuwa na mirija inayokuza mwanga hafifu kupindukia, kiasi kwamba hata sehemu nyeusi ya slaidi, inayopitisha sehemu moja tu kati ya elfu kadhaa za mwanga, iliweza kusomwa.

Hapa ndipo kiwango cha weusi kilipopata umuhimu katika skana. Kipimo chake hupanda kwa makumi: 3.0 maana yake filamu inapitisha mwanga mara 1,000 pungufu, na 4.0 mara 10,000. Slaidi hufika 3.6 hivi, na Kodachrome huweza kupita hapo. Negativu ya rangi haifiki huko. Kwa hiyo mwenye slaidi ndiye anayehitaji skana yenye macho makali gizani. Mwenye negativu peke yake anaweza kuridhika na mashine nyepesi zaidi.

Ngoma ilikuwa na gharama yake. Filamu ilibandikwa kwa mkono, mara nyingi ndani ya kimiminika maalumu, na fundi alihitaji mafunzo. Mwenye picha alipeleka slaidi yake kiwandani na kulipia kila moja.

Skana yaingia nyumbani

Mwaka 1969 Willard Boyle na George Smith wa Bell Labs walibuni kihisi cha CCD, kazi iliyowapa tuzo ya Nobel mwaka 2009. CCD ilikuwa ndogo na ya bei nafuu, na ilisoma mstari mzima wa pikseli kwa mara moja. Ngoma haikuhitajika tena.

Katika miaka ya 1990 Nikon walitoa mfululizo wa Coolscan, ulioangaza filamu kwa taa ndogo za LED za rangi tatu. Mwaka 1992 Kodak waliingiza sokoni Photo CD: unapeleka filamu, unarudishiwa diski yenye picha zako, kubwa yake ya kawaida ikiwa na pikseli 2,048 kwa 3,072. Ilionekana kama mwisho wa safari. Miaka michache baadaye diski hizo zilikuwa zimesahaulika, na muundo wa faili zake leo unasomwa na programu chache.

Shida iliyobaki ilikuwa vumbi. Skana inapoona kila punje ya filamu inaona pia kila chembe ya vumbi na kila mkwaruzo, na kuzifuta kwa mkono kunachukua muda mrefu kuliko kuskani kwenyewe. Kampuni ya Applied Science Fiction ya Texas ilipata jibu lililoitwa Digital ICE. Skana inapiga picha ya nne kwa miale ya infraredi. Rangi za filamu huipitisha miale hiyo, vumbi huizuia. Kwa hiyo programu inajua hasa vumbi liko wapi, na inaziba mahali hapo tu.

Sababu ya kufaulu kwake ndiyo pia mpaka wake. Filamu ya kawaida ya nyeusi na nyeupe imeumbwa kwa fedha, na fedha huizuia infraredi kama vumbi linavyofanya. Ukiiwasha ICE kwenye filamu hiyo, picha yenyewe inaharibika. Kodachrome nayo husumbua, hasa sehemu zake zenye giza.

Mashine hufa, filamu hubaki

Kilele kilifika kati ya mwaka 2003 na 2004. Minolta walikuwa na Dimage Scan Elite 5400, Nikon walikuwa na Super Coolscan 5000 na 9000 zenye nukta 4,000 kwa inchi, na Imacon wa Denmark walitengeneza Flextight, iliyoikunja filamu kama upinde ili ikae sawasawa bila kioo. Kisha kamera za dijiti zikalimeza soko. Konica Minolta waliacha biashara ya kamera mwaka 2006. Applied Science Fiction ilikuwa imekwisha kuuza teknolojia yake kwa Kodak. Nikon waliacha kutengeneza Coolscan. Maabara ya mwisho ya Kodachrome, Dwayne's Photo huko Kansas, ilifunga mlango wa kupokea filamu hiyo tarehe 30 Desemba 2010, na Januari 2012 Kodak yenyewe iliomba kinga ya kufilisika.

Historia hii inatufunza jambo zito. Slaidi ya mwaka 1950 inasomeka leo kwa taa na jicho tu. Skana bora ya mwaka 1998 haiungiki na kompyuta mpya bila kutafuta waya na kadi za zamani. Anayetupa negativu kwa sababu "tumeshaskani" anabadilisha kitu kilichodumu kwa kitu ambacho hakijathibitika. Skana ni ya kusaidia filamu ionekane na ienee, na filamu lazima itunzwe hata baada ya kuskaniwa.

Uchague ipi

Anza na filamu uliyonayo, kisha ndiyo uende dukani.

Kama una milimita 35 peke yake, tafuta skana ya filamu. Plustek wa Taiwan bado wanatengeneza za bei ya kati, na baadhi zina infraredi. Usiamini nambari kubwa ya nukta kwa inchi iliyoandikwa kwenye boksi. Skana inayotangazwa kuwa na nukta 7,200 hutoa takriban nusu ya hiyo kwa ukweli unaopimika. Kinachozidi ni ukubwa wa faili. Nukta 4,000 za kweli zinakupa pikseli kama milioni 21 kwa fremu moja, nazo zinatosha kuchapa picha kubwa ya ukutani.

Kama una mchanganyiko wa filamu pana za milimita 60, vioo vya zamani na picha za karatasi, skana bapa yenye taa kwenye kifuniko, kama Epson V850, ndiyo mfanyakazi wa kweli. Ukali wake kwenye milimita 35 ni mdogo, lakini filamu pana haihitaji kukuzwa sana.

Coolscan iliyotumika bado ni mashine nzuri, mradi uhakikishe aina ya waya wake kabla ya kulipa, na ukubali kwamba fundi na vipuri ni adimu. Programu ya VueScan, aliyoianza Ed Hamrick mwaka 1998, imeziokoa skana nyingi ambazo watengenezaji wake waliziacha. SilverFast, inayotengenezwa Kiel, mji uleule wa Hell, nayo inafanya kazi hiyo.

Njia ya nne ni kamera ya dijiti yenye lenzi ya kupigia vitu vidogo, stendi imara na taa bapa yenye mwanga mweupe kamili. Kamera ya pikseli milioni 24 inakaribia nukta 4,000 kwa inchi, na inamaliza mkanda mzima kwa dakika chache. Haina infraredi, kwa hiyo usafi wa filamu unakuwa jukumu lako. Kwa nyeusi na nyeupe ya kawaida, ambako infraredi haisaidii, naipendekeza njia hii bila kusita.

Namna ya kufanya kazi

Nawa mikono, vaa glavu za pamba, shika filamu kwenye kingo. Puliza vumbi kwa kipulizia cha mpira. Pumzi ya mdomo ina mate. Usitie maji kwenye filamu yenye ukungu, kwa sababu ukungu hulainisha tabaka la picha na maji yanaweza kuling'oa. Upande usiong'aa ndio wenye picha; ujue unaelekea wapi, la sivyo maandishi ya ukutani yatasomeka kinyume.

Skani kwa biti 16 kila rangi na uhifadhi faili la TIFF kama asili. Kwa nukta 4,000 faili moja linakaribia megabaiti 130, na ndiyo maana hatuskani kila kitu kwa ukubwa huo. JPEG itoke kwenye TIFF, iwe ya kutuma na kuonyesha. Usiongeze ukali wala kukoleza rangi kwenye faili la asili. Kilichopotea pale hakirudi. Kwenye negativu ya rangi acha nafasi pande zote mbili za grafu ya mwanga, kwa kuwa negativu hiyo ina utando wa rangi ya chungwa unaohitaji kuondolewa kwa utulivu. Weka nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine.

Muda ndio gharama kubwa kuliko zote. Slaidi 1,000 kwa dakika tatu kila moja ni saa 50 za kazi. Panga kwanza kwa kutumia meza ya taa na kioo cha kukuzia, uchague. Zinazonuka siki zitangulie, na uzitenge na zenzake kwa sababu mvuke wake huharakisha kuoza kwa jirani. Zifuate slaidi zinazogeuka nyekundu. Kisha zije zile zenye nyuso ambazo ni mzee mmoja tu aliyebaki anayezifahamu. Kaa naye, andika majina, mwaka na mahali ndani ya faili lenyewe. Skana yoyote ya kesho itaweza kuisoma filamu hiyo upya, pengine vizuri zaidi. Majina hayasomwi na skana yoyote, na huyo mzee hatangoji toleo jipya la mashine.