JACQUES CHIRAC: RAIS ALIYEKATAA VITA VYA IRAQ NA KUTIA SAINI SHERIA YA HIJABU



Jina la Jacques Chirac, aliyekuwa Rais wa Ufaransa kuanzia 1995 hadi 2007, likitajwa mbele ya Waislamu huzusha hisia mbili. Wapo wanaomkumbuka kwa wema, kwani mwaka 2003 alisimama hadharani kuipinga Marekani ilipotaka kuivamia Iraq. Wapo pia wanaomkumbuka kwa uchungu, kwani mwaka uliofuata alitia saini sheria iliyowalazimisha mabinti wa Kiislamu kuvua hijabu kwenye lango la shule. Mtu ni huyo huyo, na kati ya mambo hayo mawili umepita mwaka mmoja tu. Je, alikuwa rafiki au adui? Tuyapitie maisha yake, hasa kwa faida ya wanafunzi wetu, ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa wakati huo.

KUINUKIA KWAKE

Chirac alizaliwa Paris tarehe 29 Novemba 1932, katika familia yenye asili ya Corrèze, mkoa wa wakulima katikati ya Ufaransa. Alisoma katika vyuo vinavyowaandaa viongozi na maofisa wakuu wa serikali. Mwaka 1956 alipelekwa Algeria akiwa ofisa kijana wa jeshi, wakati Waalgeria wakipigania uhuru wao. Kwa hiyo vita vya kuikalia nchi ya watu aliviona kwa macho yake.

Aliporudi aliingia serikalini chini ya Georges Pompidou, ambaye kwa jinsi alivyomwona mchapakazi alimpa jina la utani la "tingatinga". Mwaka 1967 alichaguliwa kuwa mbunge wa Corrèze, na mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 41, akawa Waziri Mkuu wa Rais Valéry Giscard d'Estaing. Wawili hao hawakuelewana, naye akajiuzulu mwaka 1976. Mwaka huo huo aliunda chama chake cha RPR, na kuanzia 1977 hadi 1995 alikuwa meya wa Paris. Aligombea urais mara mbili, 1981 na 1988, akashindwa zote mbili. Mara ya tatu, mwaka 1995, alishinda.

JIRANI ZETU WA KOMORO

Kabla ya kufika Iraq, tusimame kidogo kwa jirani zetu Wakomoro. Katika kura ya maoni ya Desemba 1974, zaidi ya asilimia 90 ya wapiga kura wa visiwa vyote vinne walitaka uhuru, lakini wengi wa wapiga kura wa Mayotte walikataa. Ufaransa ikaamua kuhesabu kura kisiwa kwa kisiwa. Visiwa vitatu vikaondoka na uhuru wao mwaka 1975, na Mayotte ikabaki mikononi mwa Ufaransa. Aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo ni Chirac. Ndugu wa damu moja na dini moja walitenganishwa na mpaka wa baharini, na hadi leo watu wanafia baharini wakijaribu kuvuka kwa vyombo vidogo.

Miaka 20 baadaye, Septemba 1995, mamluki Bob Denard aliipindua serikali ya Komoro. Safari hii Chirac, akiwa Rais, alituma wanajeshi waliomkamata Denard mwanzoni mwa Oktoba. Wakomoro wakaondokewa na mamluki aliyewasumbua tangu miaka ya 1970. Hata hivyo, rais aliyepinduliwa, Said Mohamed Djohar, hakurudishwa ikulu. Alipelekwa kisiwa cha Réunion na kukaa huko kwa miezi kadhaa.

MANENO YA 1991 NA MATENDO YA BAADAYE

Juni 1991, akihutubia wanachama wake mjini Orléans, Chirac aliwasema wahamiaji kwa maneno ya kuumiza. Alimchora baba mwenye wake watatu au wanne na watoto wapatao 20, anayeishi kwa fedha za misaada ya serikali, huku jirani yake Mfaransa akikereka kwa kelele na harufu. Waislamu wa Ufaransa hawakuyasahau maneno hayo.

Lakini alipokuwa Rais alikiri mambo ambayo waliomtangulia waliyakwepa. Julai 1995 alitamka kwamba dola ya Ufaransa ilihusika pale polisi wake walipowakamata Wayahudi wapatao 13,000 mjini Paris na vitongoji vyake mwaka 1942. Oktoba 1996, akiwa katika mji wa kale wa Jerusalem, aligombana hadharani na walinzi wa Israel waliokuwa wakiwazuia Wapalestina kumkaribia. Juni 2006 alizindua huko Verdun mnara wa kumbukumbu ya askari Waislamu walioifia Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza.

"HAPANA" YA 2003

Mwaka 2002 Chirac alibaki duru ya pili dhidi ya Jean-Marie Le Pen, mwanasiasa maarufu kwa kuwapinga wahamiaji. Wapinzani wake wa mrengo wa kushoto, Waislamu wengi miongoni mwao, walimpigia kura ili kumzuia Le Pen. Akapata asilimia 82.

Mwaka uliofuata Marekani na Uingereza zilitaka idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa ili kuivamia Iraq. Tarehe 10 Machi 2003 Chirac alitangaza kwenye televisheni kwamba Ufaransa itapiga kura ya kukataa. Idhini haikupatikana, na vita vikaanza bila idhini hiyo tarehe 20 Machi. Silaha za maangamizi zilizotajwa kuwa sababu ya vita hazikuonekana. Historia ilimpa haki.

Hata hivyo tusiwe wepesi wa kusahau. Chirac huyo huyo, akiwa Waziri Mkuu, alimkaribisha Saddam Hussein Ufaransa mwaka 1975, na Ufaransa ikakubali kuiuzia Iraq kinu cha nyuklia. Msimamo wake wa 2003 ulikuwa wa haki, lakini Ufaransa nayo ilikuwa na mahesabu yake.

SHERIA YA HIJABU

Suala la hijabu lilianza mwaka 1989, wanafunzi watatu walipofukuzwa shule huko Creil. Baraza la Dola lilisema wakati huo kwamba hijabu peke yake haivunji sheria, na kila kesi iangaliwe kivyake. Mwaka 2003 Chirac aliunda tume, na baada ya kupokea ripoti yake aliunga mkono sheria ya kukataza. Bungeni ilipita kwa kura 494 dhidi ya 36, naye akaitia saini tarehe 15 Machi 2004. Ilikataza alama za dini zinazoonekana wazi katika shule za serikali: hijabu, kofia ya Kiyahudi, msalaba mkubwa. Kwa maandishi iligusa dini zote, lakini katika mwaka wa kwanza wanafunzi zaidi ya 40 walifukuzwa, na karibu wote walikuwa wasichana wa Kiislamu. Wengine walivua getini na kuvaa tena jioni, wengine wakahamia shule za binafsi.

Agosti 2004 wateka nyara nchini Iraq waliwashika waandishi wawili wa Ufaransa na kudai sheria hiyo ifutwe. Waislamu wa Ufaransa, pamoja na uchungu wao, walilaani utekaji huo, na viongozi wao wakasafiri hadi Baghdad kuomba mateka waachiliwe. Waliachiliwa Desemba.

Sheria hiyo ingali inafanya kazi, na mwaka 2023 serikali iliitumia kupiga marufuku abaya shuleni.

MWISHO WAKE NA MAFUNZO

Chirac aliondoka madarakani Mei 2007. Desemba 2011 mahakama ilimhukumu kifungo cha nje cha miaka miwili kwa ajira hewa alipokuwa meya wa Paris. Alifariki tarehe 26 Septemba 2019, akiwa na umri wa miaka 86.

Basi, rafiki au adui? Ndugu msomaji, swali lenyewe linatupoteza. Chirac aliitumikia dola ya Ufaransa kama alivyoiona yeye. Palipokutana maslahi ya dola hiyo na haki ya Waislamu, kama Iraq, tulimshangilia. Palipogongana, kama Mayotte na hijabu, haki yetu ndiyo iliyowekwa kando. Hakubadilika kati ya Machi 2003 na Machi 2004.

Wazazi, wafundisheni watoto kupima matendo ya viongozi moja baada ya jingine, kwa mizani ile ile. Uadilifu unatutaka tukiri jema la mtu hata kama ametuumiza, na tulikatae baya lake hata kama jana tulimpigia makofi. Nanyi wanafunzi, someni sheria, historia na siasa. Huruma ya kiongozi huondoka naye. Inayobaki ni sheria, na sheria hutungwa na waliohudhuria.

Wabillahi tawfiq.