Mtoto Hazaliwi Mkimbizi



Wapendwa wanaparokia, juma hili tunaomba mrudi nasi nyuma kidogo katika historia ya nchi yetu. Wengi wenu mmeona jinsi sura ya parokia inavyobadilika. Kila mwaka madarasa ya mafundisho hupokea watoto ambao wazazi wao wametoka mbali, na baadhi ya wazazi hao wamevuka mpaka. Namna ya kuwalea watoto hao si swali geni katika Tanzania. Liliulizwa kwa uzito mkubwa katika misitu ya Tabora na Mpanda, na jibu lake lilichukua zaidi ya miaka arobaini.

Mwezi Aprili 1972 yalianza nchini Burundi mauaji makubwa yaliyowalenga hasa Wahutu waliosoma: walimu, watumishi wa serikali, hata wanafunzi wa sekondari. Makumi ya maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi. Makazi ya Ulyankulu, mkoani Tabora, yalifunguliwa mwaka huo huo. Katumba, karibu na Mpanda, yakafuata mwaka 1973. Na Mishamo mwaka 1978, ilipoonekana kwamba Ulyankulu imejaa kupita uwezo wa maji na udongo wake. Shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, TCRS, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa msaada wa ndugu zetu Walutheri, lilishirikiana na Serikali na Umoja wa Mataifa kujenga barabara, visima, zahanati na shule. Familia zilifyeka miombo, zikalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi hayo yalikuwa yanajitegemea kwa chakula.

Tutafakari hasa juu ya watoto. Watu waliokuwa wamenyang'anywa walimu wao walijua thamani ya shule. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili, kwa mtaala ule ule wa watoto wa Tanzania. Nyumbani walisali kwa Kirundi pamoja na bibi. Shuleni waliimba wimbo wa Taifa letu. Mama alipokuwa na shida mbele ya ofisa au mganga, mara nyingi mtoto ndiye aliyekuwa mkalimani wake. Mzigo huo wa kusema kwa niaba ya wakubwa, watoto wa wageni huubeba kila mahali, nao huwakomaza kabla ya wakati.

Hata hivyo jambo moja halikubadilika. Mtoto aliyezaliwa Katumba mwaka 1975 aliandikwa mkimbizi. Alipokua, akaoa, akapata mtoto wake mwaka 1998, naye huyo akaandikwa mkimbizi. Wote wawili hawakuwahi kukimbia mahali popote. Ili kutoka nje ya makazi walihitaji kibali, ingawa nchi waliyokuwa wakiombea kibali ndiyo pekee waliyoijua. Hivyo jina hilo lilirithishwa kama shamba linavyorithishwa, ila shamba humlisha mrithi wake.

Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na Umoja wa Mataifa walianza kutafuta suluhisho la kudumu. Watu wapatao 218,000 waliandikishwa na kuulizwa wanachotaka. Takribani wanne kati ya watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba maombi ya uraia ya watu wapatao 162,000 yamekubaliwa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa katika ardhi hii. Lakini mwanzoni walitakiwa kuhama makazi na kutawanyika katika mikoa mingine, na miaka ikapita bila wao kupewa vyeti. Hatimaye sharti la kuhama liliachwa, na mwezi Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kukabidhi vyeti vya uraia. Ilikuwa imepita miaka 42 tangu wazee wao wavuke mpaka.

Wengine, zaidi ya 50,000, walichagua kurudi Burundi, hasa kuanzia mwaka 2008. Hapo tunaona upande mwingine wa jambo hili. Watoto waliokuwa wakifaulu kwa Kiswahili waliketi darasani wakisikia Kifaransa kwa mara ya kwanza. Wengine walirudishwa madarasa ya chini, wakakaa na watoto wadogo kuliko wao. Huku walikuwa wakiitwa Warundi. Walipofika kule walionekana kuwa Watanzania.

Historia hii inatufundisha nini? Ardhi na shule vilikuwa wema mkubwa, na tumshukuru Mungu kwamba nchi maskini iliweza kutoa hivyo. Lakini mtoto huhitaji pia kuambiwa kwamba yeye ni wa hapa, na asisubiri mpaka awe na mvi ndipo aambiwe.

Kanisa lina chombo cha kusema hivyo mapema. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 877, inaeleza mambo yanayopaswa kuandikwa katika daftari la ubatizo: jina la mbatizwa, mhudumu, wazazi, wasimamizi, mashahidi kama wapo, mahali na siku ya ubatizo, pamoja na siku na mahali alipozaliwa. Haidai kuandikwa mkimbizi wala raia. Mtoto wa mwenyekiti wa kijiji na mtoto wa mama aliyefika jana huandikwa katika ukurasa mmoja. Ndivyo Mtume Paulo anavyowafundisha Waefeso (2:19), kwamba katika Kristo hakuna tena mgeni wala mpitaji.

Tusisahau kwamba Bwana wetu mwenyewe alipelekwa Misri usiku akiwa mtoto (Mt 2:13-15). Papa Pius XII, mwaka 1952, aliiweka Familia Takatifu iliyo uhamishoni kuwa mfano wa kila familia inayohama. Papa Fransisko naye aliiweka Siku ya Wahamiaji na Wakimbizi ya mwaka 2017 kwa ajili ya wahamiaji walio watoto, wasio na wa kuwasemea.

Wapendwa, sisi wenyewe tuna la kuungama. Wakati fulani, katika darasa la Komunyo ya Kwanza, tulikuwa tunagawa madaftari kwa wenye shida, tukasema watoto wa wageni wasimame. Wote tuliowatarajia walisimama, isipokuwa binti mmoja. Katekista alipomgusa bega, alijibu kwa sauti ndogo, "Mimi nimezaliwa hapa." Madaftari yetu yalikuwa mazuri, lakini tulikuwa tumeyatoa pamoja na jina ambalo mtoto huyo hakuliomba. Tangu siku hiyo hatukusimamisha mtoto yeyote.

Basi tunaomba mambo matatu. Viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, tembeleeni familia mpya kabla hazijaomba msaada, na wasaidieni wazazi kufuatilia vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao mapema. Makatekista na walezi wa Utoto Mtakatifu, msimcheke mtoto kwa matamshi yake, wala msimkataze kusali kwa lugha ya mama yake. Lugha hiyo ndiyo kamba inayomfunga na bibi yake. Nanyi wazazi wenyeji, kubalini kuwa wasimamizi wa ubatizo na Kipaimara kwa watoto hawa, kwa maana msimamizi ni ndugu, na mwenye ndugu si mgeni.

Wazee wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo walingoja miaka 42. Mtoto atakayeingia darasani Jumapili ijayo asingoje hata juma moja.

Tumsifu Yesu Kristo.