Kiti cha Uongozi ni Zamu: Funzo la Historia Yetu



Kila mwaka taarifa hii hueleza fedha zilizoingia na zilizotoka. Safari hii Halmashauri imeona yafaa kuongeza jambo lisilohesabika kwa shilingi, nalo ni hili: viongozi wa leo watakapopumzika, ni nani atakayeyajua mambo ya chama? Swali hili halikusudii kumwondoa mtu kitini. Waliotutangulia walilikuta vilevile. Wengine walilijibu mapema, na wengine walichelewa.

Sisi wa Matulo, na jamaa zetu walioko Bungoma na Kitale, tuna jibu la kale katika mila ya Wabukusu. Marika ya tohara ni manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Vijana hutahiriwa kila baada ya miaka miwili, wakaingia katika rika la zamu yao. Zamu hiyo ikiisha, rika jingine hufunguliwa, na jina lililopita hurudi baada ya muda wa karibu miaka 100. Kwa hiyo kijana anayepokea jina la Maina hulipokea kutoka kwa watu waliokwisha kufa, naye ajua kwamba atawaachia wasiozaliwa bado. Watu hupita, zamu hubaki.

Mila ina funzo la pili. Baada ya mazishi ya mzee, jamaa hukutana, na waliomdai marehemu pamoja na waliodaiwa naye husikilizwa mbele ya watu wote, ili mrithi asianze gizani. Wazee hawa walijua kwamba siri ya hesabu huzaa ugomvi.

Tuviangalie sasa vyama vilivyoandikwa katika karatasi. Tarehe 23 Desemba 1921, wakati Bungoma ilipokuwa bado katika Jimbo la Nyanza, mkutano mkubwa ulifanyika Lundha, Gem, ikazaliwa Young Kavirondo Association. Mwenyekiti alikuwa Jonathan Okwiri, katibu Benjamin Owuor, na mweka hazina Simeon Nyende, wote wakiwa watu wa elimu ya misheni. Walilalamikia kodi ya vibanda, kipande na kazi za kulazimishwa, na mwaka 1922 Gavana mwenyewe alikuja kuwasikiliza. Lakini mwaka 1923 Okwiri alimwachia kiti Archdeacon W. E. Owen, mmisionari, na chama kikaitwa Kavirondo Taxpayers Welfare Association. Owen aliwapenda watu na kuwatetea kwa kalamu yake, na chama kikahimiza usafi, vyoo na upandaji wa miti. Hata hivyo nguvu zake zilikusanyika mno katika mtu mmoja. Chama kikagawanyika, sauti yake ikafifia. Na Owen alipofariki mwaka 1945, hapakuwa na rika lililoandaliwa kushika usukani kwa nguvu ya zamani.

Jambo kama hilo lilirudi karibu nasi zaidi. Masinde Muliro, mwana wa Bungoma aliyefanya maskani yake Kitale, alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD. Alifariki ghafula uwanja wa ndege wa Nairobi tarehe 14 Agosti 1992, wakati viongozi wakuu walikuwa wakigombania kiti. Kabla mwaka kwisha, chama kilikuwa kimekwisha kuwa vyama viwili, navyo vilishindwa katika uchaguzi wa Desemba. Jaramogi Oginga Odinga, mwenyekiti wa FORD-Kenya, alipofariki Januari 1994, Michael Kijana Wamalwa wa Kitale, aliyekuwa makamu wake, alishika nafasi. Kanuni iliwapa mrithi bila kukawia. Lakini ugomvi wa kiti haukuisha, na mwishoni mwa 1996 Raila Odinga na wafuasi wake walihama. Hapa twajifunza kwamba kanuni hujaza kiti, lakini haijazi mioyo. Mioyo yahitaji kuandaliwa kabla.

Basi tufanye nini? Chama chetu hakitafuti serikali. Chaangalia mazishi, karo za watoto na wagonjwa. Lakini mjane anayesubiri mchango hawezi kungoja tumalize kugombana. Kwa sababu hiyo Halmashauri yaleta mbele ya Mkutano Mkuu mambo manne. Kila mwenye cheo awe na makamu anayefanya kazi naye kweli, si jina tu. Daftari na hati za benki zisikae nyumbani kwa mtu mmoja, na hundi itiwe sahihi na zaidi ya mtu mmoja. Muda wa kila cheo uandikwe katika katiba, na Msajili aarifiwe kila viongozi wanapobadilika. Tena kiongozi anayeondoka asomewe hesabu yake mbele ya wanachama naye yu hai, ashukuriwe, kisha apewe kigoda cha ushauri, ili vijana wasipoteze hekima yake.

Twajua kwamba ni vigumu kwa mtu aliyekijenga chama kwa jasho lake kumkabidhi kijana funguo. Kijana naye asidhani kwamba kupewa funguo ni kupewa nyumba. Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi mwenye busara hufua koleo la pili wakati la kwanza lingali mkononi.