Pointi 12 ya nani?

Kabla ya karne ya 18, saizi za herufi za risasi ziliitwa kwa majina, si kwa namba. Mchapaji wa London aliagiza pica au brevier, na pica ya kiwanda hiki ilipishana na ya kiwanda kile kwa unene wa unywele. Unywele huo ulitosha kuharibu kazi. Kurasa zilikazwa ndani ya fremu ya chuma, na herufi za viwanda viwili zikichanganywa katika mstari mmoja, zile nyembamba zililegea.

Mfaransa Pierre-Simon Fournier, mchonga herufi wa Paris, alitoa mwaka 1737 jedwali lake la kwanza la pointi, kipimo cha kutaja saizi za herufi kwa namba. Kipimo chenyewe alikichapa kwenye karatasi, nayo karatasi iliyolowanishwa kwa ajili ya kuchapwa hunywea ikikauka. Katika miaka ya 1780 François-Ambroise Didot akatafuta kitu imara zaidi: aliigawa futi ya mfalme wa Ufaransa mara 864, akapata pointi ya milimita 0.376. Mapinduzi yakamwondoa mfalme, mita ikachukua nafasi ya futi yake, lakini pointi ya Didot ikabaki, kwa kuwa madroo ya wachapaji yalishajaa herufi zilizopimwa kwayo. Karibu karne nzima baadaye, Mjerumani Hermann Berthold hakuibadilisha. Aliisawazisha tu na mita, pointi 2,660 kwa mita 1.

Naamini hesabu haikuwahi kuamua ukubwa wa pointi. Iliyoamua ni risasi iliyokwisha kuyeyushwa.

Marekani inathibitisha. Moto mkubwa wa Chicago wa Oktoba 1871 ulikiteketeza kiwanda cha Marder, Luse, na wenyewe, wakilazimika kuanza upya, wakapata nafasi ya kupanga saizi zao kwa utaratibu mmoja. Viwanda vingine havikuungua. Vilipokubaliana mwaka 1886, vilichagua pica ya MacKellar, Smiths & Jordan wa Philadelphia, iliyokwisha kuenea, kisha vikaitafutia mita ya kuilinganisha nayo: pica 83 kwa sentimita 35. Pointi, sehemu moja ya 12 ya pica, ikawa milimita 0.351, na inchi moja ikabeba pointi 72.27, namba isiyopendeza hata kidogo. Uingereza ikafuata mwaka 1898.

Kwa hiyo mistari 40 ya pointi 12 iliyopangwa Paris, kutoka juu hadi chini, ilizidi ya New York kwa karibu milimita 12, karibu nafasi ya mistari mitatu.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya Adobe, isiyokuwa na risasi ya kulinda, iliunda lugha ya PostScript kwa pointi 72 kamili kwa inchi, na pointi hiyo ndiyo kompyuta nyingi zinayotumia leo. Donald Knuth, katika programu yake ya TeX, alibaki na 72.27. Na kote kuwili, namba 12 bado haipimi herufi unayoiona, bali kile kitalu cha risasi kilichoibeba, ndiyo maana fonti mbili za saizi moja zikiwekwa pamoja, moja huonekana kubwa kuliko nyingine.