Usingizi Wetu Ulianzia kwa Kiluwiluwi

Ukiniuliza mimi, historia ya usingizi inaanzia kwa ngozi. Mwaka 1917, McCord na Allen, watafiti wa Marekani, waliwapa viluwiluwi tezi ndogo iliyotolewa kwenye ubongo wa ng'ombe. Ngozi zao zikapauka.

Mwaka 1958, Aaron Lerner, daktari wa ngozi wa Yale, akatenga kemikali yenyewe kutoka maelfu ya tezi hizo. Akaiita melatonini. Alikuwa akitafuta dawa ya mabaka meupe ya ngozi. Kwa binadamu rangi haikubadilika, ila usingizi ulikuja.

Iliingilia wapi? Jibu lilikuja 1994, pale jeni ya kipokezi chake ilipopatikana kwenye seli za ngozi ya chura, na mwaka huo huo kwa kondoo na binadamu. Sisi tunavyo viwili, MT1 na MT2, vimepachikwa kwenye utando wa seli kama kufuli. Melatonini ikiingia, seli hupunguza ujumbe wake wa ndani. Kwenye saa ya ubongo, MT1 hasa hutuliza seli, na MT2 husaidia kusogeza saa.

Mimi hufanya shifti ya usiku, kwa hivyo hii si stori ya maabara tu. Taa kali za usiku huzuia melatonini isitengenezwe. Kufuli ziko sawa, funguo ndizo chache. Sasa niite mvivu nikisinzia saa nne asubuhi.