Garimoshi Dogo la Gatumba: Ukarabati na Historia

Mwalimu yeyote aliyepata kufundisha Kiswahili mahali ambapo hapana reli anaijua taabu ya neno "garimoshi". Neno lenyewe ni jepesi. Limeundwa kwa "gari" na "moshi", na mwanafunzi hulikariri kwa siku moja. Taabu huanza anapoambiwa alichore. Hapa Gatumba, magharibi ya Bujumbura, karibu na mahali Mto Rusizi unapoingia Ziwa Tanganyika na barabara inapoelekea Uvira, nimepata kuletewa picha ya lori lililosheheni mifuko ya saruji, likitoa moshi mweusi nyuma. Sikuweza kumlaumu aliyeichora. Gari lilikuwapo na moshi ulikuwapo. Kilichokosekana ni kitu chenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi kitu hicho kilivyopatikana kwa udogo wake, jinsi kilivyoharibika na kukarabatiwa, na jinsi kazi hiyo ilivyotufungulia mlango wa historia ya reli na ya ziwa letu.

Kilikuwa ni garimoshi la mfano, la bati, nililolinunua katika rundo la vitu vilivyokwisha kutumika huko mjini. Lilikuwa la aina ya zamani, liendalo kwa kamani na kutiwa nguvu kwa ufunguo kama saa ya mezani. Kwa miaka michache lilikaa juu ya kabati la vitabu, nikalitumia katika masomo ya msamiati. Mwezi wa Aprili 2020 Rusizi ikafurika. Maelfu ya watu wa Gatumba walihama nyumba zao, nasi tukiwa miongoni mwao. Niliporudi, kabati lilikuwa limeanguka na garimoshi limezama katika tope. Rangi ilibanduka upande mmoja, kutu ikashika magurudumu, na ufunguo haukuweza kuzunguka tena.

Kabla ya kusema lilivyotengenezwa, yafaa tuieleze asili ya vyombo vya namna hii. Magarimoshi ya mfano yalizaliwa Ulaya katika karne ya 19, mara baada ya yale makubwa. Mwanzoni kila karakana ilitengeneza kwa kipimo chake, hata mtoto mwenye injini ya karakana moja hakuweza kuiendesha juu ya reli za karakana nyingine. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilionyesha katika maonyesho ya biashara ya Leipzig reli zenye vipimo maalumu vilivyopangwa kwa nambari, na utaratibu huo ukaenea. Huko Uingereza, W. J. Bassett-Lowke wa Northampton alijulikana kwa mifano iliyofanana mno na magarimoshi ya kweli, na Frank Hornby wa Liverpool alianza kuuza magarimoshi yake ya kamani mwaka 1920. Kipimo kilichoenea sana kwa vyombo vya bati ni kile kiitwacho sifuri, ambacho umbali kati ya reli mbili ni milimita 32.

Kazi ya ndani ni rahisi kuifahamu. Kamani, yaani utepe mrefu wa chuma cha pua uliosokotwa, hukazwa kwa ufunguo. Inapojifungua huyasukuma magurudumu ya meno, nayo huzungusha ekseli. Mwili wa bati umeshikwa kwa ndimi ndogo zilizopitishwa katika matundu na kukunjwa. Ndimi hizo ndizo mtihani wa kwanza wa fundi. Ulimi wa bati hukunjuliwa mara chache tu, ukizidisha, hukatika. Kwa hiyo fundi mwenye akili haufungui mwili ovyo kwa kutaka kuchungulia, bali huufungua mara moja akiwa tayari kufanya kazi yote.

Nililipeleka kwa fundi mmoja wa Buyenzi. Wenzangu wa Bujumbura wanajua kwamba mtaa huo una sifa mbili zinazokwenda pamoja: ni makao ya zamani ya Waswahili na ni makao ya mafundi. Fundi huyu hutengeneza saa, cherehani na redio. Aliliosha garimoshi kwa mafuta ya taa, akakunjua ndimi kwa koleo dogo, akaniambia, "Mwalimu, hapa kuna magonjwa mawili. Moja linatibika, jingine halitibiki."

Lililotibika ni kamani. Ilikuwa imekatika karibu na ncha yake. Chuma cha kamani kikikunjwa hivi hivi huvunjika kama biskuti, maana kimefanywa kigumu kwa moto. Fundi aliichoma ncha peke yake mpaka ikawa nyekundu, akaiacha ipoe polepole ili ilainike, kisha akaikunja ndoano mpya. Kamani ilipungua urefu wa kidole kimoja, lakini ikafanya kazi.

Lisilotibika ni magurudumu. Hayo yalikuwa ya zinki iliyochanganywa na madini mengine na kumiminwa katika kalibu. Katika vyombo vingi vya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, zinki hiyo ilichanganyika na risasi kidogo kwa uzembe wa viwandani. Matokeo yake hayakuonekana siku ile. Baada ya miaka mingi chuma huanza kuvimba, kupasuka na kumeguka, na unyevu huharakisha maradhi hayo. Hapana lehemu wala gundi iwezayo kuyaponya. Fundi alishauri mambo mawili: magurudumu yakerezwe upya kwa shaba nyeupe, na kamani iondolewe kabisa, mahali pake awekewe mota ndogo ya redio ya kaseti na betri mbili. "Litakwenda kuliko lilivyokwenda likiwa jipya," alisema.

Hapo ndipo nilipositasita. Je, garimoshi lililotiwa magurudumu mapya na mota ya redio ni garimoshi lile lile? Nililipeleka swali hilo darasani, na jibu halikutoka kwangu bali lilitoka katika historia.

Tulianza na reli yenyewe. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905. Ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914. Umbali wake ni kiasi cha kilomita 1,250, na upana kati ya reli zake ni mita moja. Upande wa pili wa ziwa Wabelgiji walifikisha reli yao Albertville, ambayo leo ni Kalemie, mwaka 1915. Hiyo leo ina upana wa milimita 1,067. Hata mataruma yangewekwa leo juu ya maji, behewa la reli ya mita moja ya Kigoma lisingeweza kwenda Kalemie. Mambo hayo ni yale yale ya vichezeo vya kabla ya 1891: kila karakana na kipimo chake. Hata karibu yetu zaidi, ng'ambo ya Rusizi, ilikuwako reli ya Kivu kutoka Uvira hadi Kamanyola, iliyofanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950. Wanafunzi wangu walistaajabu kusikia kwamba wazee wa ng'ambo waliona garimoshi mahali ambapo sasa yapita malori.

Kisha tukaitazama meli ambayo wengi wao wameisikia, MV Liemba. Hiyo kwa hakika ndiyo mfano mkubwa kuliko yote wa chombo cha kufungua na kufunga. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Baada ya kuundwa ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikasafirishwa kwa bahari hadi Dar es Salaam, na kisha kwa reli kuelekea Kigoma, ambako iliunganishwa na kuteremshwa majini mwezi wa Februari 1915. Julai 1916, majeshi ya Ubelgiji yalipokaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Lakini mafundi wake walizipaka injini grisi nyingi kabla ya kuizamisha, kama mtu afungaye nyumba akijua kwamba iko siku itafunguliwa. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Imebadilishwa jina, injini na bendera. Hata hivyo watu wa Kigoma, Rumonge na Bujumbura hawakusema hata siku moja kwamba Liemba imekufa na imekuja meli nyingine.

Mfano wa tatu ulitoka Kenya. Shirika la Reli la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1948, lilinunua katikati ya miaka ya 1950 magarimoshi 34 ya daraja la 59 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester. Yalipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, nayo yalikuwa na uzito wa tani 250 hivi, makubwa kuliko yote yaliyopata kupita juu ya reli za mita moja. Baadaye yaliwekewa dohani ya namna mpya iliyobuniwa na mhandisi wa Austria, Giesl-Gieslingen. Dohani hiyo si ya mviringo, ni bapa na ndefu, na kazi yake ni kuvuta moshi vizuri zaidi ili mafuta yasipotee bure. Mawili kati ya magarimoshi hayo, Mount Gelai na Mount Shengena, yamehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Hapa fundi wa mifano hupata somo la historia. Atakaye kutengeneza mfano wa Mount Gelai kwa kipimo cha moja kwa themanini na saba atapata chombo cha urefu wa sentimita 36 hivi. Reli ya mita moja, ikigawanywa kwa 87, ni milimita 11.5, kwa hiyo hutumia reli za mfano za milimita 12. Huchukua injini kuukuu ya mfano wa reli pana, ambazo ni za milimita 16.5, akafupisha ekseli zake na kuyasogeza magurudumu ndani. Hayo yote ni hesabu. Lakini afikapo kwenye dohani, hesabu haimsaidii. Akiweka ya mviringo, ametengeneza garimoshi la miaka ya mwanzo; akiweka ya bapa, ametengeneza la miaka ya baadaye. Dohani imekuwa tarehe. Kumbe hakuna Mount Gelai moja tu. Lipo la mwaka huu na lipo la mwaka ule, na yote ni lile lile.

Baada ya masomo hayo wanafunzi waliamua. Magurudumu yakerezwe upya, kwa sababu bila magurudumu hapana garimoshi. Kamani ibaki, kwa sababu bado ina uhai, na kitu chenye uhai hakitupwi kwa kuwa kipya kinakwenda mbio zaidi. Magurudumu ya zamani yatiwe katika kikopo pamoja na karatasi iliyoandikwa kilichobadilishwa, siku na sababu. Lilibaki jambo la rangi. Wengi walitaka lipakwe upya liwe jekundu na kung'aa. Msichana mmoja, ambaye nyumba yao haikujengwa tena baada ya mafuriko, alisimama akasema, "Mwalimu, doa hili ndilo mahali maji yalipofika. Likipakwa, nani atajua?" Darasa lilinyamaza. Doa limeachwa.

Nadhani katika maneno yale machache mtoto yule alitufundisha tofauti kati ya kukarabati na kufuta. Mkarabati hurudisha kazi ya kitu na kuacha habari zake zisomeke. Afutaye hurudisha sura ya siku ya kwanza na kuziondoa siku zote zilizofuata. Mji wetu umepatwa na mengi, na si ya maji peke yake. Tunapofundisha historia yake tungependa isomeke bila kupakwa rangi, na wakati huo huo tungependa magurudumu yake yazunguke.

Neno la mwisho ni kwa walimu wenzangu. Mwaka 2024 treni za umeme zilianza kwenda kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma juu ya reli mpya ya milimita 1,435, na mwaka 2025 ulizinduliwa ujenzi wa reli ya namna hiyo kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati hapa Burundi. Mwanafunzi mmoja aliposikia habari hizo aliniuliza, "Treni hiyo haina moshi. Tutaiitaje garimoshi?" Nilimwonyesha kamani iliyokunjwa upya. Maneno nayo hukatika ncha, hukunjwa ndoano mpya, yakaendelea na kazi. Wengine watasema treni, wengine gari la umeme, na huenda wazee wakashikilia garimoshi. Kazi yetu ni kuwawekea wanafunzi kikopo chenye karatasi, ili wajue kila neno lilibadilishwa lini na kwa nini.

Garimoshi letu limerudi juu ya kabati, rafu moja juu zaidi ya pale lilipokuwa. Likikazwa ufunguo huenda hatua sita za mtoto, kisha husimama.